Shahada ya biashara: kuhamia chuoni Morogoro au kusomea Tanga ukiwa kazini?

SWALI: Nina umri wa miaka 29, ninaishi Makorora, Tanga, pamoja na mama yangu na mwanangu wa miaka minne. Nilihitimu stashahada ya uhasibu miaka saba iliyopita kwa GPA (wastani wa alama) ya 3.4, na sasa ni karani wa nyaraka katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa bandarini, kwa mshahara wa shilingi 480,000 kwa mwezi. Nataka shahada ya biashara. Kaka yangu anasema niache kazi nikasome miaka mitatu Chuo Kikuu Mzumbe, Morogoro, kwa kuwa shahada ya Chuo Kikuu Huria, ambacho mtu husomea nyumbani, haina uzito. Bosi wangu anasema nisome nikiwa kazini. Nimeona pia tangazo mtandaoni la shahada ya chuo cha nje inayomalizika kwa miezi 12. Nikijitahidi nitapata saa mbili kila usiku. Nichague ipi?

JIBU:

Dada yangu wa Makorora, umenirahisishia kazi kwa kutaja mshahara, umri na saa ulizonazo, mambo ambayo waulizaji wengi huyaficha kisha wakataka jibu la uhakika. Nitaanza na uzito wa shahada kwa sababu ndio uliozua ubishi nyumbani kwenu, ingawa kwa maoni yangu ni jambo dogo kuliko yote uliyoyauliza.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa Sheria ya Bunge Na. 17 ya mwaka 1992 na kikaanza kudahili wanafunzi mwaka 1994, chini ya makamu mkuu wake wa kwanza, Profesa Geoffrey Mmari. Ni chuo kikuu cha umma, sawa na Mzumbe, ambacho nacho kilikuwa chuo cha uongozi wa maendeleo kabla ya kupandishwa hadhi na kuwa chuo kikuu mwaka 2001. Vyote viwili vinasimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, na kiwango cha chini cha kuingilia shahada ya kwanza ni kilekile: mhitimu wa kidato cha sita awe na ufaulu wa masomo mawili ya kiwango cha juu yenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0, na mwenye stashahada awe na GPA isiyopungua 3.0. GPA yako ya 3.4 inakuvusha kiwango hicho huku na huku, ila kila programu inaweza kuwa na masharti yake ya ziada, na hayo utayasoma katika mwongozo wa udahili ambao TCU huutoa kila mwaka. Matangazo ya kazi za Serikali yanayopitia Sekretarieti ya Ajira hutaka shahada kutoka chuo kinachotambulika, na kwa kawaida hutaka mwombaji asiwe amezidi umri wa miaka 45. Hayaulizi kama ulilala bwenini. Hata ukichukua miaka mitano utahitimu ukiwa na miaka 34, kwa hiyo umri nao usikutie pupa.

Simaanishi kwamba kaka yako amezua jambo. Dhana ya kwamba kusoma bila kuketi mbele ya mwalimu ni kusoma nusu ni kongwe hapa nchini. Waliojiendeleza kwa masomo ya posta miaka ya 1970 waliisikia vilevile. Tena wapo waajiri binafsi wanaoishikilia mpaka leo. Lakini mwajiri wa namna hiyo humtilia shaka zaidi kijana asiyewahi kushika kazi yoyote, ambaye cheti chake ndicho ushahidi pekee alio nao. Wewe utafika kwenye usaili ukiwa na shahada pamoja na miaka mingi ya kuandaa nyaraka za mizigo, na atakayekuuliza maswali atataka kujua kwanza kama unaweza kuutoa mzigo bandarini bila mteja wake kulipa gharama za ucheleweshaji.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo naona ndilo litakaloamua, nalo ni saa za kusoma.

Katika mfumo wa sifa za vyuo vikuu nchini, shahada ya kwanza hupimwa kwa krediti zisizopungua 360, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa kumi za kujifunza. Saa hizo hazihusu mihadhara peke yake. Ndani yake zimo kusoma peke yako, kufanya kazi za nyumbani, majaribio, maandalizi ya mitihani na mafunzo kwa vitendo. Kwa hesabu hiyo, shahada unayoitaka ina saa 3,600 za kazi, na saa hizo hazipungui kwa kuwa umesomea nyumbani. Mwanafunzi wa kutwa huzilipa kwa kiasi cha saa 1,200 kwa mwaka, ambazo zikigawanywa katika wiki 30 za masomo zinakuwa saa 40 kwa wiki. Ndiyo sababu tunaita masomo ya kutwa: ni kazi kamili ya wiki nzima.

Wewe unasema utapata saa mbili kila usiku. Mimi nitazipunguza kidogo kwa kuwa najua usiku wa mtu aliyeamka alfajiri, akamwandaa mtoto, akawahi ofisini saa mbili asubuhi na kurudi saa kumi na moja jioni. Tuseme unazipata kwa kweli usiku wa siku tano katika wiki, kisha Jumapili unaiba saa nne. Hizo ni saa 14 kwa wiki. Ukiondoa wiki sita kwa mwaka kwa ajili ya mfungo, sikukuu, maradhi na misiba, unabaki na wiki 46, yaani saa 644 kwa mwaka. Gawanya 3,600 kwa 644 utapata miaka mitano na nusu na zaidi kidogo. Ukitaka kumaliza kwa miaka minne itakubidi upate takribani saa 20 kila wiki. Ukitaka miaka mitatu kama wenzako wa kutwa, utahitaji saa 26, na hapo tayari unaishi kama mtu mwenye ajira moja na nusu. Stashahada yako ya uhasibu itakuokolea muda katika masomo ambayo msingi wake unao, kwa hiyo mimi nisingeandika miaka mitano na nusu kwenye karatasi yako. Ningeandika minne na nusu hadi mitano, tena nikaitangaza kwa familia mapema ili mtu asije akakuuliza mwaka wa nne mbona humalizi.

Hesabu hiyohiyo inalimaliza lile tangazo la miezi 12. Saa 3,600 ndani ya siku 365 ni karibu saa kumi kila siku, Ijumaa na sikukuu zikiwemo, kwa mtu ambaye hana kazi nyingine. Chuo kinachomwahidi mfanyakazi jambo hilo ama hakifundishi shahada kamili au kinauza karatasi. Na hata pale chuo cha nje kinapokuwa cha halali, cheti chake hapa nchini hakina nguvu mpaka TCU ikitambue, kwa hiyo anayetamani njia hiyo huwauliza TCU kabla ya kutuma hata senti ya fomu. Sitarudi tena kwenye tangazo hilo.

Upande wa fedha, kaka yako amehesabu ada akasahau mshahara. Ukiacha kazi kwa miezi 36 unakosa shilingi 17,280,000, hata kama mshahara wako usingepanda kabisa katika kipindi hicho. Juu yake weka pango na chakula cha Morogoro, nauli za kupitia Segera na Chalinze kila likizo, na matumizi ya mama na mtoto Makorora, ambayo hayatasimama kwa sababu wewe uko darasani. Nyumba inayotegemea mshahara mmoja ikiukosa kwa miaka mitatu huuza vitu, na vinavyouzwa kwa haraka huuzwa kwa bei ya anayenunua.

Bila shaka kuna mtu atakuambia uombe mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Soma masharti yake kabla hujaandika barua ya kuacha kazi. Miongozo ya miaka ya karibuni imekuwa ikimtaka mwombaji awe Mtanzania asiyezidi umri wa miaka 35, asiwe na kipato kinachotokana na ajira au mkataba rasmi, na awe amehitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyotangulia. Sharti la umri unalitimiza na la ajira utalitimiza ukishaacha kazi, lakini sharti la mwisho ndilo linalokuangusha, kwa kuwa stashahada yako ina miaka saba. Ungeweza kuacha kazi ili ustahili mkopo, kisha ukaukosa kwa sababu ya tarehe iliyoandikwa kwenye cheti chako. Miongozo hubadilika mwaka hadi mwaka, na ule wa mwaka utakaoomba ndio utakaokuhukumu, lakini mimi nisingejenga uamuzi wa maisha ya watu watatu juu ya matumaini kwamba sharti hilo litalegezwa. Kwa wanaoupata, mkopo huo si sadaka: mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Kwa mshahara kama wako wa sasa hizo ni shilingi 72,000 kila mwezi.

Chuo Kikuu Huria hukuruhusu kulipa ada kwa kufuata masomo uliyoyasajili, na kwa mtu wa mshahara wa mwezi hiyo ni nafuu kubwa kuliko tofauti yoyote ya jumla ya ada. Kipindi ambacho mtoto ameugua unasajili masomo machache. Mwaka ambao umepata nyongeza unasajili mengi zaidi. Uhuru huo, hata hivyo, ndio unaowapoteza watu wengi, na hapa nitakaa kidogo kwa kuwa matangazo ya udahili hayalisemi jambo hili.

Duniani kote wanaoanza masomo ya masafa, yaani ya kusomea mbali na chuo, huacha njiani kwa wingi kuliko wanaosoma kutwa. Wanaoacha mara nyingi si wazito wa akili. Nimewaona wahasibu hodari na walimu wakuu wakipotea katika mwaka wa kwanza. Sababu ni kwamba hakuna anayekuona umekosekana. Darasani ukikosa wiki mbili, wenzako watakupigia simu na kazi ya kikundi itasimama. Ukisomea nyumbani unaweza kukosa miezi miwili na usisikie lolote, mpaka tarehe ya jaribio inapofika nawe hujafungua hata moduli ya kwanza. Unaahirisha jaribio, jaribio lililoahirishwa linaangukia mwaka unaofuata juu ya masomo mapya, na kuanzia hapo kila msimu unakuwa wa kulipa madeni ya msimu uliopita. Chuo nacho kina ukomo wa miaka ambayo mwanafunzi anaweza kubaki kwenye usajili. Ulizia ukomo huo siku ya kwanza utakapokwenda kituo cha Mkoa wa Tanga, na uuandike.

Kwa mwanamke wa hapa kwetu kuna la ziada. Anayekwenda chuo Morogoro ameondoka, na kila mtu anajua ameondoka. Anayesomea nyumbani, kwa macho ya mtaa, yupo tu. Kutakuwa na shughuli Barabara ya 12, kutakuwa na msiba Chumbageni, atakuja jirani akae kibarazani baada ya Isha, na mama yako mwenyewe, kwa wema kabisa, atakutuma kitu kwa sababu anakuona umekaa na simu. Kusoma kwenye simu hakufanani na kazi. Kwa hiyo saa zako mbili hazitaibiwa na adui. Zitaombwa moja moja na watu unaowapenda, na kila ombi litakuwa la haki. Sijui dawa nyingine isipokuwa kuzihamisha zitoke nyumbani pale inapowezekana. Kubali kubaki ofisini saa moja na nusu baada ya kazi, kama mwajiri ataruhusu, au utumie maktaba ya mkoa Jumamosi mchana badala ya kuitegemea Jumapili ambayo nyumba imejaa watu. Zile saa za usiku zibaki kwa mazoezi mepesi na marudio. Na mweleze mama, kwa heshima na mapema, ni siku zipi hutapatikana hata kwa shughuli ya ndugu wa karibu. Mama akishakuwa upande wako, yeye ndiye atakayewajibu wanaoulizia.

Lipo pia suala la lugha, ambalo watu huona haya kulitaja. Shahada hizi hufundishwa kwa Kiingereza popote utakapokwenda. Tofauti ni kwamba kwenye chuo cha kutwa somo gumu huelezwa mara ya pili kwa Kiswahili nje ya ukumbi, chini ya mti au bwenini, na mara nyingi ndipo linapoeleweka. Msomaji wa masafa hubaki na moduli ya Kiingereza na ukuta. Kazini kwako unasoma Kiingereza cha ankara na hati za mizigo, ambacho ni kifupi na kinajirudia, ilhali kitabu cha usimamizi wa fedha kina sentensi ndefu zenye hoja ndani yake. Tafuta wenzako wawili au watatu wa programu yako walioko Tanga, mkutane mara moja kwa wiki na mwelezane kwa Kiswahili mlichokisoma. Wanafunzi wa chuo hiki mara nyingi ni watu wazima wenye kazi: walimu, maofisa wa halmashauri, watu wa benki. Kaka yako akisema kwamba Mzumbe utapata watu wa kukufaa baadaye, anasema kweli, lakini wale ni vijana watakaokuwa na nafasi miaka kumi ijayo, na hawa wa kituo cha Tanga wengine wanazo sasa.

Masomo yenyewe hayafanani kwa ugumu unapoyasoma peke yako. Sheria ya biashara, kanuni za uongozi, masoko na maadili ya kazi yanasomeka; ni kurasa nyingi lakini mtu mwenye subira huzimaliza. Takwimu, hisabati za biashara na usimamizi wa fedha ndiyo yanayowakwamisha watu, kwa sababu kosa dogo katika hatua ya pili huharibu zote zinazofuata na hakuna mwalimu wa kulionyesha. Wengi huyasukuma mbele, wakaanza na yale mepesi, na mwishowe mwaka wa nne unawakuta na rundo la hesabu tupu. Nakushauri uchukue somo moja la hesabu katika kila kipindi tangu mwanzo, tena katika kipindi cha kwanza usisajili masomo mengi hata kama fedha unazo. Kipindi hicho kitakuonyesha saa zako za kweli ni ngapi, na ni nafuu kugundua kwamba ni 11 badala ya 14 ukiwa na masomo matatu kuliko ukiwa na saba.

Kuna sehemu ambayo wewe utamshinda mwanafunzi wa kutwa bila jasho, na ndiyo inayonifanya niegemee upande nilioegemea. Mwanafunzi wa kutwa akifundishwa biashara ya kimataifa hukariri kwamba bei ya kumpa mnunuzi mzigo melini (FOB) si sawa na bei inayojumlisha bima na nauli ya meli hadi bandari ya mwisho (CIF). Wewe unaziona FOB na CIF kila siku kwenye ankara, na unajua kwamba katika nchi za Afrika Mashariki ushuru wa forodha hutozwa juu ya thamani ya CIF, kisha kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa kiwango cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, hupigwa juu ya thamani iliyokwisha kuongezwa ushuru. Mteja anayelalamika kwamba amelipa mara mbili anakupa mfano ambao mhadhiri angelazimika kuutunga. Gharama za mtaji, mzunguko wa fedha na mkopo wa mteja ni mambo yaliyomo kwenye faili zilizo juu ya meza yako. Ukiwa na tabia ya kusoma sura usiku na kuitafuta ofisini asubuhi, saa zako 14 zitafanya kazi ya saa 18. Faida hiyo unaipoteza siku utakapopanda basi la Morogoro.

Mzumbe nayo ina vitu ambavyo kituo cha mkoa hakiwezi kukupa: mihadhara ya kila siku, kusimama mbele ya watu 60 na kutetea hoja, kazi za vikundi zinazokufunza kuvumiliana na mtu mvivu, na maktaba iliyo hatua chache kutoka unapolala. Mdogo wako angekuwa ametoka kidato cha sita mwaka huu, hana mtoto wala kazi na ana sifa za mkopo, ningemwambia aende kutwa bila kusita, na ningemkataza elimu ya masafa hata kama anaitamani, kwa kuwa umri wa miaka 19 haujajijengea ratiba na hakuna ofisi ya kumfunza kile ambacho kitabu kinakisema. Hata wewe ningekushauri uende endapo mojawapo ya mambo mawili lingekuwepo: mfadhili wa kweli, kwa maandishi, wa kulipa ada na kuitunza nyumba yako kwa miaka yote mitatu, au nia ya kuiacha kabisa kazi ya forodha na kuhamia fani nyingine ambayo uzoefu wako hauisaidii. Kaka yako akiwa tayari kuwa huyo mfadhili, mkae naye muandikiane. Asipokuwa tayari, basi anakupa ushauri ambao gharama yake si yeye atakayeilipa.

Jibu langu, basi, ni Chuo Kikuu Huria, kwa mpango wa miaka mitano, ukiwa kazini. Lakini kabla ya kujaza fomu amua shahada ipi hasa, maana neno biashara ni pana na wewe una stashahada ya uhasibu. Ikiwa unataka kufika kwenye CPA, yaani cheti cha juu cha taaluma ya uhasibu, programu ya uhasibu ina faida ya wazi: katika mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, inayofanyika Mei na Novemba, mwenye shahada ya uhasibu huanzia ngazi ya kati, wakati mwenye shahada ya fani nyingine huanzia chini yake. Ikiwa unachotaka ni kupanda ndani ya uwakala wa forodha au siku moja kufungua kampuni yako, shahada ya utawala wa biashara yenye mwelekeo wa biashara ya kimataifa itakufaa zaidi. Na iwapo hujapata cheti cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha na usafirishaji wa mizigo, ambacho kwa hapa nchini hufundishwa na Chuo cha Kodi, kitangulize. Ni mafunzo ya miezi sita, na kwa kazi uliyo nayo kinaweza kukuongezea mshahara kabla shahada haijafika nusu. Nyongeza hiyo ikalipa ada.

Limebaki la bosi wako. Maneno yake kwamba usome ukiwa kazini ni mazuri, ila kwa sasa ni maneno. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo. Haimlazimishi mwajiri binafsi kukupa likizo ya masomo, na inamwachia yeye kupanga wakati wa likizo ya mwaka ndani ya mipaka iliyowekwa. Maana yake ni kwamba anaweza kukutakia heri leo, na wiki ya mitihani ikaangukia siku ambazo meli mbili ziko gatini naye akakuhitaji mezani. Mwandikie barua fupi kabla ya kusajiliwa. Omba likizo yako ya mwaka igawanywe na ifuate kalenda ya mitihani, utaje kwamba utampelekea kalenda hiyo kila inapotoka, uombe kubaki ofisini hadi saa kumi na mbili na nusu jioni siku za kazi kwa ajili ya kusoma, na umwombe ajibu kwa maandishi. Akijibu kwa kukubali, nenda kituo cha mkoa ukajisajili kwa masomo matatu, moja likiwa la hesabu. Akikataa au akinyamaza, bado jisajili, lakini kwa masomo mawili, na mpango wako wa miaka mitano usome sita.